Habari Iliyotangazwa Koridoni

Nesi alifungua mlango nusu, akatoa kichwa, akapaza sauti kama mpiga debe wa stendi: "Wewe wa kitenge cha njano! Una mimba. Rudi nyumbani, ukishajifungua ndiyo uje tena."

Aliyevaa kitenge cha njano alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega kwenye benchi, katika zahanati moja ya binafsi mjini Masasi, na wanawake wengine walijaa koridoni mpaka kwenye ngazi za nje. Wote tulikuwa tumekuja kupima afya ili kiwanda cha kubangua korosho kituajiri. Na wote waligeuka kumtazama.

Ili uelewe kwa nini damu inanichemka hadi leo, nikueleze kwanza wifi yangu alikuwa nani. Aliolewa kwetu Kitangari akiwa binti mdogo, na miaka ikapita bila mtoto. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Mimi nilikuwa Mama fulani tangu kifungua mimba wangu alipozaliwa, jirani zetu wote ni Mama fulani, lakini yeye hakuwa na la kuitwa. Mama yangu mzazi alimwita "wewe", au alipokuwa na wageni, "huyu wa kwa mwanangu." Wifi aliitika. Aliamka kabla yetu kwenda kutafuta maji, alilima, alipepeta, alimkanda mama miguu, na kila mwezi ulipoishia vilevile alijifungia chumbani kidogo, kisha akatoka na kuendelea na kazi. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Nilikuwa nasikia.

Basi kiwanda kilipotangaza kwamba kinatafuta wanawake, mimi ndiye niliyemshawishi tuteremke Masasi. Nilitaka atoke pale nyumbani, akae mahali ambapo hakuna anayemhesabia miezi.

Upimaji wenyewe ulianza vizuri. Tulipimwa uzito na urefu. Tulipimwa presha, kisha macho: unaziba jicho moja, unasoma herufi za ukutani, unaziba la pili. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alituwekea kipimo kifuani, akasema vuta pumzi, kohoa. Akatutazama viganja na vidole kimoja kimoja, maana mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na mtu mwenye vidonda angeumia zaidi. Hadi hapo sikuwa na neno. Kazi ni ya mikono na ya kukaa muda mrefu. Ni haki wajue kama mwili wako utaihimili.

Kisha tukapewa vikopo vya mkojo.

"Nesi, mkojo huu mnapima nini?" nikauliza.

"Mkojo ni mkojo, mama. Andika jina, lete."

Hakuna aliyetuambia kwamba humo walikuwa wanachovya kijiti cha kupimia mimba. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kujua, wala tungependa kuambiwa na nani, wala wapi. Tulirudi kwenye benchi, tukawa tunazungumza habari za mvua. Ndipo mlango ule ukafunguka.

Wifi alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Mimi?" akasema.

"Wewe, nani mwingine? Wa njano ni wewe peke yako."

Mtu akacheka. Jirani yetu mmoja wa Kitangari, aliyekuwa kwenye foleni, akasema hongera kwa sauti kubwa. Wifi alipeleka mikono yote miwili tumboni, kisha akaiondoa haraka, kama mtu aliyekutwa anagusa kitu kisicho chake. Kuona mikono ile ikiondoka ndiko kulikoninyanyua pale nilipokaa. Akapita katikati ya watu akatoka nje, nami nikausukuma mlango nikaingia bila kuitwa.

"Daktari," nikasema, "mimba ni ugonjwa?"

Aliinua kichwa. "Siyo ugonjwa, dada. Ila kiwanda ndicho kinachotaka tuwachuje."

"Na kiwanda kinataka mtangaze koridoni?"

"Hapo nesi amekosea kidogo."

"Kidogo? Unajua yule amesubiri habari hii muda gani?"

Nesi alikuwa ananawa mikono. Akasema bila kugeuka, "Mbona ni habari njema? Wengine wanalia kwa kuikosa."

Nilitamani kumrushia kile kikopo. Daktari alinyoosha mkono kunituliza, akaniambia kwa upole wake uleule, "Wewe unafaa. Jumatatu ripoti kazini." Neno hilo lilinichoma. Ikiwa mimi nafaa, basi yule aliyeko nje, mwenye mwili uliofanya kile alichokuwa anauomba miaka yote, hafai.

Nilimkuta nyuma ya zahanati, karibu na tangi la maji. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Wifi, nina mtoto," akaniambia. "Halafu nimekosa kazi. Sijui nianze na lipi."

Nikamkumbatia.

"Usiseme nyumbani," akanisihi. "Nitamwambia kaka yako mwenyewe, tukiwa wawili. Maneno ninayo siku nyingi. Namsubiri ale, ashibe, atulie, ndipo namshika mkono."

Nikaapa sitafungua mdomo. Njiani kurudi alikuwa akiyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Niliona midomo yake ikicheza.

Tulipoikaribia nyumba tulisikia vigelegele. Jirani aliyetupongeza alikuwa ameshapiga simu kutoka kulekule koridoni, na uwanja wetu ulikuwa umejaa wanawake. Kaka yangu alisimama mlangoni ameshika simu, uso umejaa tabasamu.

"Mbona hukunipigia?" akamuuliza mkewe.

Wifi alimfikia pale mlangoni. "Kumbe unajua," akasema, akampita, akaingia ndani.

Kaka akanigeukia mimi, hajui alichokosea. Na kweli hakuwa amekosea kitu. Lakini mama yangu alikuwa ameshatandika mkeka kivulini, anaita kwa sauti ya asali, "Mama kijacho! Njoo ukae, mwanangu!" Mwanamke aliyekaa miaka yote hana jina, leo kapewa jina kwa sababu ya kijiti. Siku ile nilimwambia mama maneno ambayo sijawahi kumwambia tangu kuzaliwa, mbele ya majirani wote, na vigelegele vikakatika. Sijayajutia.

Jumatatu sikwenda kuanza kazi, nilikwenda kwa ofisa utumishi wa kiwanda. Alikuwa mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Nikamweleza yote.

"Tunawalinda hao kinamama," akasema. "Kiwandani kuna moshi, kuna mafuta makali."

"Wifi yangu aliomba kazi ya kuchambua korosho zilizokwisha kubanguliwa. Wachambuaji wanakaa chumba cha mwisho, hakuna moshi."

"Mama, ndani ya muda mfupi angeomba likizo ya uzazi."

Hapo ndipo alipousema ukweli wake. Nikainuka, nikaenda kwa ofisa kazi wa serikali. Huyo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wazi kwamba sheria haimruhusu mwajiri kumkataa mtu kwa sababu ya mimba, na kwamba majibu ya vipimo ni siri ya mwenyewe. Akaahidi kufuatilia. Nilitoka nikiwa mwepesi, nikiamini kwamba jambo limepata mwenyewe.

Kilichofuata ni pazia. Zahanati ile ilitundika pazia la kijani mlangoni, na wanawake wakawa wanaitwa ndani mmoja mmoja kuambiwa majibu yao. Wenye mimba waliendelea kurudishwa makwao, safari hii kwa sauti ya chini. Wifi hakuitwa kazini. Nilirudi kwa ofisa kazi tena na tena. Mara yuko safarini, mara suala linashughulikiwa.

Wifi ndiye aliyenisukuma niende kazini. "Nenda," akasema. "Ukikaa hapa na hasira zako, nani atafaidika?" Nikafanya msimu mmoja. Kila kundi jipya la wasichana lilipokuja kuulizia kazi getini, kutoka Mkunya, kutoka Chidya, niliwafuata nikawaambia watakachokutana nacho: mizani, presha, herufi za ukutani, kifua, mikono, na kile kikopo. Niliwaambia wana haki ya kuuliza kinapimwa nini na kukataa wasipojibiwa. Wengine waliuliza. Wengine walinitazama kama kichaa, wakatoa mkojo. Msimamizi akanionya, nikaendelea, na msimu uliofuata hawakunichukua.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye sauti kubwa. Kaka yangu alielewa taratibu alichonyang'anywa mkewe, na yeye pia. Aliniambia siku moja, tukipalilia mihogo, kwamba angetoa chochote asikie habari ile kutoka kwenye mdomo wa mkewe.

Mwaka jana nilikutana na nesi yule sokoni Newala, anachagua mbaazi. Nikamsalimia, nikamkumbusha kitenge cha njano. Alifikiri kidogo, akacheka.

"Jamani, walikuwa wengi. Nitamkumbuka nani?"

Akalipa mbaazi zake, akaenda. Nilisimama pale nikiwa na maneno mengi na hakuna wa kumwambia.

Nilipomsimulia wifi, aliacha kupepeta.

"Ana watoto?" akauliza.

"Sijui."

"Kama anao," akasema, "yeye habari yake aliisikilia wapi?"

Binti yake alikuwa anamvuta kanga akitaka maji. Wifi akaweka ungo chini, akaenda kumchotea.