Veturia na Madirisha Mawili

Veturia Ciobotaru aliuza vitunguu sokoni Iași, mji wa Romania, miaka kumi na tisa kabla ya kukabidhiwa funguo za chumba cha kufulia katika bweni la wanafunzi. Sokoni alijifunza jambo moja: mtu humwambii afanye jema, unamfanya aone baya lina bei kubwa zaidi. Uongozi wa chuo, kwa kuwa umesoma, haukulijua hilo. Ulileta bango lenye mchoro wa dunia inayotabasamu, likiwasihi wanafunzi waihurumie kwa kuokoa umeme. Waliihurumia sana, kisha wakatundika soksi juu yake.

Aprili ilipoanza, meneja wa bweni, bwana Filimon, alisoma mita na kukunja uso.

"Veturia, umeme huu unatosha kuendesha kiwanda. Mwezi huu usiposhuka kwa robo, chumba kinafungwa."

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika."

Veturia alikuwa amebakiza miezi minane afikie pensheni. Mapumziko ya namna hiyo hakuyahitaji.

Kesho yake alikaa mlangoni na funguo zake. Wa kwanza kufika alikuwa Narcis, kijana anayesomea mambo ya nishati, kabeba suruali moja ya jinzi.

"Shangazi, niwashie mashine. Maji ya nyuzi joto tisini."

"Suruali imeua mtu?"

"Hapana."

"Basi thelathini zinaitosha. Na katafute mwenzio mjaze mashine. Siiwashi kwa suruali moja."

"Nimtafute nani sasa?"

"Bweni lina wasichana mia mbili, nawe una miaka ishirini na miwili. Nikuchoree ramani?"

Alirudi na Sanziana, anayesomea udaktari, na shuka zake.

Kufua kukatengemaa. Kisirani kilikuwa kukausha. Chumba cha kuanikia kilikuwa na kamba tisa na madirisha mawili yanayotazamana, lakini tangu bweni lijengwe hakuna aliyethubutu kuyafungua yote kwa pamoja. Kila mtu alijua kwamba upepo unaopita kati ya madirisha mawili humwingia mtu sikioni, ukamkaza shingo, ukamlaza, ukamzika. Sanziana, kwa udaktari wake, alijua kuliko wote. Basi nguo zikavunda kambani, na watu wakakimbilia mashine ya kukaushia, iliyolafua umeme kama nguruwe anayenoneshwa kwa Krismasi.

Veturia naye aliuogopa upepo. Upepo huohuo ulimuua bibi yake, akiwa na miaka tisini na minne tu. Lakini aliupima upepo, akaipima pensheni, akaona upepo ni nafuu. Alijaza pamba masikioni, akajifunga skafu mbili, akafungua madirisha yote, akaweka kiti katikati.

Habari zikapanda ngazi. Wanafunzi wakajazana mlangoni, shingo zimefunikwa.

"Shangazi, utakufa," alisema Sanziana.

"Lini?"

"Kama Alhamisi hivi."

"Basi leteni nguo mapema."

Shuka zilikauka kabla ya jioni. Ijumaa ikamkuta Veturia hai, na gubu lake lote, akitangaza sharti: anayetaka mashine ya kukaushia aseme mbele ya wenzake kwamba anaogopa kitu ambacho kikongwe amekikalia siku nne. Narcis alikuja na shati bichi mkononi, akatazama nyuma, akamwona Sanziana, akaenda kulianika.

Mwisho wa mwezi Filimon alisoma mita, akafuta kioo chake, akasoma tena. Umeme ulikuwa umeshuka kwa theluthi. Alikwenda chumba cha kuanikia kutoa pongezi, lakini wanafunzi walikuwa wakianika na shuka zikipepea, akaishika shingo yake kwa mikono miwili.

"Funga dirisha moja, Veturia. Kuna upepo."

Veturia akamnyooshea waya wa mashine ya kukaushia. "Sawa. Chomeka mwenyewe."

Filimon aliutazama waya, akainua kola ya koti, akarudi nyuma hadi koridoni.

"Chumba hakifungwi," alinong'ona. "Na wewe unabaki."

Veturia akaonyesha pamba masikioni mwake. Ikabidi bwana Filimon arudie kwa sauti kubwa, mbele ya wanafunzi kumi na wawili.