Kila Mlango na Kazi Yake

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alipiga pasi nguo za watu mpaka mgongo ukasalimu amri. Daktari alimwambia aache, naye akajibu kwamba ataacha siku vyumba vitakapoanza kumlisha. Vyumba hivyo vya kupangisha alivijenga kwa jasho hilohilo la pasi, kimoja baada ya kingine, nyuma ya nyumba yake ndogo, na kila kilichopata bati kilimwongezea uzee mbele ya macho yetu. Mimi ndiye niliyemsaidia kusimamia mafundi, kwa hiyo sitaki mtu aniambie mama yule alikuwa na bahati.

Alikuwa na sharti moja ambalo mtaa mzima ulilicheka: hakupangisha watu wawili wa kazi moja. Kinyozi mmoja, fundi cherehani mmoja, mpishi wa chakula cha mchana mmoja, muuguzi mmoja. Alisema maisha yakibana hayabani kazi zote kwa pamoja. Wenye nyumba jirani walijaza wafanyakazi wa kiwanda kilichokuwa karibu, mlango hadi mlango, wakala kodi bila kutoka jasho, huku yeye akiwarudisha watu wa kiwandani getini kama wanaomdai. Nilimwambia amezidi ubishi, akaninunia.

Kisha biashara ikaharibika kila mahali na kiwanda kikafungwa. Kwa majirani watu walihama kwa makundi, magodoro vichwani. Kwetu hakuhama mtu. Mama mkubwa, ambaye pasi alishaitupa stoo, alikaa kibarazani akiwatazama wenye nyumba wenzake kwa uso wa mtu anayejizuia kucheka. Nisimsingizie: alicheka.

Haikuchukua muda, kinyozi akaomba asubiriwe kodi. Akafuata fundi cherehani. Halafu mpishi akaacha kupika kabisa, sufuria zake zikabaki nje zimefunikwa, kavu. Mama mkubwa alipandwa na hasira, akaona wamemlia njama. Alimfuata kinyozi hadi kwenye kibanda chake, mimi nyuma yake.

"Kinyozi na kiwanda, wapi na wapi?" alimuuliza.

Kinyozi hakuinua sauti. "Mama, vichwa vyote nilivyokuwa nanyoa vilitoka kule. Fundi alikuwa anawashonea sare. Mpishi alikuwa anawapikia wao. Sisi sote tulikuwa tunalishwa na geti moja."

Mama mkubwa alikaa kwenye kiti cha kunyolea bila kukaribishwa. Miaka yote ile alikuwa amemuuliza kila mpangaji anafanya kazi gani, lakini yeye hakumuuliza hata mmoja anamfanyia nani. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, sijui nikimkasirikia nani.

Hakumfukuza mtu. Kuwatoa wale kungemwachia milango ya kufagia tu, maana wapangaji wapya wangetoka wapi? Aliwapunguzia kodi nusu, na nusu hiyo nayo ililetwa kwa kusuasua. Haikutosha chakula na dawa za mgongo. Zikabaki njia mbili: arudi kwenye pasi, au amuuzie vyumba jirani mmoja aliyeshaanza kupita pita kupima ukuta kwa macho.

Muuguzi ndiye aliyeleta ya tatu. Mwenzake wa hospitalini alikuwa anatafuta chumba kikubwa chenye dirisha, na angelipa kodi nzima, kwa kuwa wagonjwa hawakosekani hata hali iwe ngumu vipi. Chumba cha namna hiyo pale kilikuwa kimoja, nacho ni kile alichokuwa akilala mama mkubwa.

Nilimwomba ahamie kwangu. Alikataa, kwa sababu anajua kwangu tunavyobanana. Badala yake aliniagiza nitoe magunia ya mkaa stoo. Tulikiingiza kitanda chake kwa kukiinamisha, kikaziba nusu ya mlango, na kuanzia hapo ikabidi aingie kwa ubavu. Nililia, sikuficha. Yeye aliniambia nishike ufagio, mgeni yuko njiani.

Muuguzi mpya alifika na begi lake. Akasimama katikati ya chumba, akatazama dirisha, kuta na sakafu iliyong'aa.

"Alikuwa anakaa nani humu? Chumba kisafi hivi!"

"Kilikuwa kitupu tu, mwanangu," mama mkubwa alisema, akampa ufunguo.