Nazi Nne za Fetuao

Saa tatu kasoro robo asubuhi, bandarini Salelologa, Fetuao Leavasa anafuta kioo cha gari lake kwa mara ya tatu. Kwenye kiti cha nyuma kuna nazi nne ambazo hazijafuliwa. Amezichagua mwenyewe, na hataki mtu azikalie.

"Leo sibebi abiria," anamwambia mama mmoja mwenye kikapu cha magimbi. "Leo nabeba heshima yangu."

"Basi iambie isogee kidogo, nami nikae," mama anamjibu.

Fetuao, mwenye umri wa miaka 54, ni dereva katika kisiwa cha Savai'i, Samoa. Kila siku isipokuwa Jumapili hupeleka watu sokoni na kuwarudisha, na siku njema humwachia tala themanini, fedha ya huko, baada ya kutoa gharama za mafuta. Kabla ya hapo alikwenda Nyuzilandi misimu saba kuchuma matufaha, hadi mgongo ulipogoma.

Huko ndiko maneno yalikoanza. Jioni bwenini aliwasimulia wenzake habari za shangazi yake asiyeacha mgeni apite bila kula, na za mashimo ya Taga, ambako bahari hupenya chini ya mwamba mweusi na kufumka juu kwa kishindo. Ukitumbukiza nazi, alisema, inarushwa juu kuliko mnazi ulioizaa. Hakuna aliyemwamini. Msimamizi wao, Bevan Cottle, akambandika jina la Chumvi, kwa jinsi alivyojua kuitia, na jina likaganda.

"Hata kwenye orodha ya zamu niliandikwa Chumvi," anasema Fetuao. "Nilikuwa nacheka nao, lakini lilikuwa linaniuma. Mimi si mwongo."

Sasa Bevan amestaafu, na leo anashuka melini na mkewe, Raewyn. Wana siku moja tu Savai'i. Meli ya mwisho inaondoka saa kumi jioni, na kesho usiku wana ndege. Maji yatajaa saa tano na nusu, na kutoka bandarini hadi Taga ni mwendo wa dakika arobaini. Muda upo tele.

"Chumvi!" Bevan anaita kabla hajakanyaga nchi kavu. "Ziko wapi hizo nazi zinazoruka?"

"Panda gari, bosi. Utaniomba radhi kabla ya chakula cha mchana."

Kosa lilikuwa limeshafanyika juzi yake. Fetuao alimtajia shangazi yake, Toaiva wa kijiji cha Vailoa, kwamba angepita na wageni. Alimtajia huyo mmoja tu.

Walishika barabara ya pwani ya kusini, bahari kushoto, kulia ng'ombe wamelala chini ya minazi na mashamba ya magimbi yakipanda mlimani. Raewyn aliteremsha kioo, na kila aliyempungia mkono akampungia. Kwa nusu saa Fetuao alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kisiwani.

Kisha wakafika Vailoa. Shangazi Toaiva, bibi wa miaka 71, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya barabara.

"Shangazi, tuache tupite. Tunawahi maji kujaa!"

"Maji yanajaa mara mbili kwa siku tangu nizaliwe. Hawa wageni wako wamekuja mara ngapi?"

Fetuao akazima gari. Nguruwe alikuwa ameshaiva, pamoja na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui zito. Na huku hakuna kula ukaondoka. Mume wa shangazi alitoa hotuba ya kuwakaribisha, na mgeni akatakiwa kujibu. Bevan, ambaye shambani hakuzidisha maneno matatu kwa saa, akasimama. Ikabidi Fetuao atafsiri.

Bevan alisema mengi. Fetuao akatafsiri: "Anasema asante kwa chakula."

"Wewe!" akamkatiza binti wa Toaiva, mwalimu wa shule, anayejua Kiingereza vizuri. "Mbona umeruka? Amesema misimu yote saba ni wewe peke yako aliyekuachia funguo za ghala. Tafsiri yote!"

Watu wakacheka hadi kugongana mabega. Fetuao akatafsiri sifa zake mwenyewe neno kwa neno, macho ameyainamisha chini, masikio yanawaka moto.

Lakini habari zilikuwa zimeshatangulia. Mbele kidogo mjomba alisimama njiani na birika la kakao. Kijiji kilichofuata, binamu alikuwa na samaki wabichi ndani ya tui na ndimu. Walifika Taga saa nane na nusu, matumbo yamewatangulia.

Maji yalikuwa yameshapwa. Shimo lilikoroma tu kama mzee aliyeshiba. Bevan akatumbukiza nazi ya kwanza, ikaingia, ikanyamaza. Ya pili hivyo hivyo. Fetuao akaketi juu ya mwamba, uso umemshuka.

Bevan akaketi kando yake. "Habari za bahari bado sijui," akasema. "Lakini za shangazi yako ulipunguza mno."

Wakaiwahi meli zikiwa zimebaki dakika nne.

Kesho yake Fetuao hakubeba abiria wa mchana. Maji yalipojaa alisimama Taga na nazi ya tatu, simu mkononi mwa kijana anayelinda lango la kuingilia, na Bevan kwenye kioo cha simu, akiwa hotelini Apia. Akatumbukiza. Mwamba ukanguruma, maji yakapaa, na nazi ikaenda juu hadi ikawa kidoa kidogo tu angani.

Kisha Bevan akasema, taratibu, "Fetuao."

"Hakuongeza neno," anasimulia dereva huyo, akicheka huku akifuta macho kwa kitambaa kile kile cha kufutia kioo. "Miaka yote ile, hajawahi kuniita kwa jina langu."

Bevan na Raewyn wameahidi kurudi Julai ijayo, waione kwa macho yao. Nazi ya nne itakuwa imechipua, lakini Fetuao hana wasiwasi na nazi. Ameshapanga safari upya.

"Nimewaambia wanitengee siku mbili," anasema. "Ya kwanza ni ya shangazi. Ya pili, Mungu akipenda, ndiyo ya bahari."