Alitufungia Ndani Vita Ikiingia, Leo Anataka Mujukuu Wangu

Admin, jina langu ulifiche, lakini umri uuache pale: nimepita miaka sabini na bado napanda mwenyewe juu ya nyumba yangu kugongomea mabati. Naishi Kindu. Nilifanya kazi ya reli tangu ujana, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nikalea watoto, kisha nikalea mujukuu mumoja ambaye mama yake alikufa, mutoto akiwa bado ananyonya. Masomo sina mengi. Niliishia darasa la ine. Sababu ya kuishia pale njo inanileta hapa, na muisome mupaka mwisho mbele ya kunijibu, maana nimechoka na watu wa majibu ya haraka.

Wakati wa vita ya waasi wa Simba nilikuwa mutoto wa internat, shule ya kulala ya mapadri, ng'ambo ya mto. Siku hizi wazee wanaisifu internat utafikiri tulilala peponi. Uongo mutupu. Tulikula maharagwe yenye wadudu, na hata hayo wakubwa walitunyang'anya. Sisi wapya tuliwafulia nguo. Miye nilikataa kufua. Nikapigwa, nikakataa tena, mupaka wakachoka wao. Kila siku kisha chakula ilikuwa siesta ya lazima: wadogo wote munalala, na kapita wetu, kijana mukubwa ambaye mapadri walimuchagua atuchunge, anafunga mulango kwa inje na kukaa barazani na ufunguo, ili muntu asitoroke kwenda kuoga mutoni.

Siku moja katikati ya siesta tukasikia masasi ya bunduki. Kwanza mbali, halafu karibu. Tulimuita kapita kwa dirisha, na dirisha lilikuwa na vyuma. Akasimama. Akatuangalia. Akakimbia, na ufunguo mukononi. Wenzangu walilia, wengine walijikojolea. Miye njo nilipandisha kitanda juu ya kitanda, nikavunja plafo, ile dari ya ndani, kwa mabega, nikang'oa bati, nikawavuta wale wadogo wote wakatoka. Niliruka wa mwisho, muguu ukavunjika. Mwanamuke mumoja mulimaji alinificha katika shamba lake na kunifunga muguu kwa magome ya miti. Mufupa ulishika vibaya. Shule ilipofunguka tena nilikuwa mukubwa, nachechemea, na baba yangu akasema inatosha. Kapita yeye aliendelea na masomo. Akawa mwalimu, akawa prefe, mukubwa wa shule, na leo watu wanamuita Papa Prefe, wanamuachia kiti.

Sasa sikieni. Mwezi uliopita wageni walikuja kumuposa mujukuu wangu. Kwetu mali ya binti, ile mahari, haipokelewi kama mukubwa wa nyumba hajaigusa kwa mukono wake, na mukubwa wa nyumba ni miye. Nilinyoa, nikavaa koti. Nikamuona anaingia Papa Prefe mwenyewe, na fimbo yake, babu wa kijana anayeoa. Akanikumbatia kabisa.

"Ndugu zangu," akaambia watu, "nasikia huyu muzee naye alipita internat yetu. Ile njo ilitufanya watu. Saa ya siesta hata nzi ulikuwa humusikii."

Nikamuambia, "Humusikii kwa sababu ulifunga mulango ukakimbia na ufunguo."

Watu wakacheka, wakafikiri ni mizaha ya wazee. Yeye naye akacheka.

"Ya zamani hiyo, ndugu. Nilikuwa mutoto."

"Ulikuwa na ndevu."

"Vita ilikimbiza kila muntu."

"Wewe ilikukimbiza na ufunguo wetu."

Kicheko kikaisha. Akanitazama sana, kisha akasema polepole, "Kwa kweli, hata sikumbuki kama ulikuwa mule ndani."

Hapo nikakalia mikono yangu yote miwili. Vitenge, masufuria, mbuzi, vyote vikabaki kati ya kiwanja mupaka walivibeba wakarudi navyo. Mutoto wangu wa kwanza akanifuata chumbani.

"Baba, umetuaibisha. Tutamuita baba mudogo aguse kwa nafasi yako."

"Muiteni," nikasema. "Na kiwanja cha kufanyia karamu mukitafute kwake."

Papa Prefe amenitumia mushenga. Anasema yuko tayari kuniomba radhi, sisi wawili tu, katika sebule yake, mulango umefungwa. Miye nikafungiwe naye tena? Alijisifu mbele ya watu, aseme mbele ya watu. Sitaki kuku wake, sitaki soda yake. Aseme kwa kinywa chake: niliwafungia watoto, nikakimbia.

Lakini mujukuu wangu hajalia, na ile njo inanisumbua. Alikuja kuniwekea maji ya kuoga, akakaa chini, nikamuelezea yote, ya mulango na ya muguu.

"Koko, huo muguu nimekupaka mafuta tangu niko mudogo. Hukuniambia hata siku moja."

"Haikukuhusu."

"Sasa inanihusu. Ukimuaibisha mbele ya watu, wewe utarudi hapa ulale vizuri. Miye njo nitaenda kuishi kwake."

"Basi usiende."

"Nitaenda, Koko. Nampenda mujukuu wake. Nataka tu niende na mukono wako juu ya ile mali."

Huyu mutoto hajawahi kuniomba kitu mara mbili. Hii ameniomba kila asubuhi tangu siku ile.

Jumamosi wanarudi. Nikigusa mali yao, yule muntu atakuwa ndugu yangu. Atakaa mbele kwenye matanga yangu, atashika fimbo yake na kuwaambia watu kwamba tulilelewa pamoja, na miye nitakuwa nimelala pale, siwezi kumujibu. Nisipoigusa, binti ataondoka hapa kama muntu asiye na kwao.

Wale wa kuniandikia "samehe, muzee", nyamazeni, hiyo nimeisikia kwa padri na kwa shehe. Ninyi wengine munishauri. Jumamosi mukono wangu utoke, ao nizidi kuukalia?