Mistari Mitupu Chini ya Ukurasa wa Hana

Nilidanganya kanisani, mchana kweupe, mbele ya akina mama kama arobaini hivi wa Misikhu, nikiwa nimeshika daftari la binti yangu. Binti mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma kabisa, na katika umati ule wote ni yeye peke yake aliyejua kwamba ninadanganya. Nimejaribu kulitua jambo hili kwa njia nyingi. Nimeliombea, nimelitolea visingizio, hata nimelicheka. Halitui. Basi acha niliandike.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha Kitale miaka mingi, na ualimu umeniingia hata mahali usipopaswa kuingia. Nikienda harusini nasahihisha kadi ya mwaliko. Mume wangu, ambaye ana duka la mbegu na mbolea, aliniambia zamani kwamba siku nitakayofika mbinguni nitauliza nani yuko zamu.

Wakati binti yetu mkubwa alipokuwa darasa la saba, mke wa mchungaji mmoja alikuja kanisani kwetu Matisi kutufundisha jinsi ya kusoma Biblia nyumbani. Alisema kila mtu wa nyumba awe na daftari lake. Mkishasoma sura, kila mmoja aandike kile ambacho Neno limemwambia yeye, hata kama ni kilio, hata kama ni swali. Alisema, nakumbuka vizuri kwa sababu niliandika, kwamba daftari hilo ni mahali pa kusema kweli. Nilirudi nyumbani nimewaka moto. Jumatatu nikanunua madaftari manne ya kurasa themanini, nikayafunika kwa karatasi ya kaki na kuandika majina kwa hati yangu nzuri ya ubaoni.

Ijumaa ya kwanza niliyakusanya. Hakuna aliyeniambia niyakusanye. Mkono wenyewe ulienda kwenye kalamu nyekundu.

Ndivyo ilivyoanza. Jumatatu nilitoa sura na swali: taja mafunzo matatu. Ijumaa jioni madaftari yaliwekwa mezani kando ya insha za wanafunzi wangu, nami niliyapitia yote kwa kalamu ile ile. Mume wangu aliandika sentensi moja tu kila wiki, Mungu ni mwema, nami nikampa tano kwa kumi. Alicheka sana. "Mwalimu, mimi shule nilimaliza," akasema, na hakuandika tena. Binti mdogo alinakili kazi ya dada yake, makosa na yote. Aliyejitahidi ni yule mkubwa.

Siku hizo mama mkwe wangu alikuwa akikaa nasi. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa ametuambia waziwazi kwamba hauna safari ndefu, kwa hiyo tulimtoa Misikhu ili awe karibu na hospitali. Watoto walimwita Kukhu, yaani bibi kwa Kibukusu, na sisi sote tukamwita hivyo hivyo. Alilala chumba kimoja na wasichana. Alikuwa na kikombe chake cha bati, cha buluu, ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukitumia. Siku moja alinikuta nimeinamia yale madaftari, akasimama mlangoni akinitazama.

"Sasa nyinyi mnamfanyia Mungu mtihani, mwarimu?" aliniuliza.

Nilitabasamu kwa adabu, nikaendelea kusahihisha.

Kukhu alifariki usingizini, usiku wa kuamkia Ijumaa. Tulimpeleka kwao Misikhu, tukamzika nyuma ya jikoni karibu na migomba yake, tukarudi Kitale. Wiki mbili baadaye nikasema maisha lazima yaendelee, nikayatoa madaftari. Sura niliyochagua ilikuwa ya Hana, yule mwanamke aliyeomba hekaluni midomo ikicheza bila sauti, mpaka kuhani akadhani amelewa na kumkemea. Taja mafunzo matatu.

Tangu wiki ile, binti yangu aliandika vizuri ajabu. Mafunzo yalikuja yamepangwa moja, mbili, tatu, kwa mwandiko safi. Nilimpa tisa, tisa na nusu, tena tisa. Niliwaonyesha wageni. Nikiwa mtu wa kujisifu kidogo, na sasa mmeshajua kwamba ndivyo nilivyo, niliwaambia wenzangu kanisani kwamba nyumba yetu inasoma Neno kwa utaratibu. Alipoingia sekondari aliliacha daftari, nami nikalihifadhi kwenye katoni juu ya kabati kama cheti.

Miaka tisa ikapita. Binti yangu sasa yuko chuo kikuu pale Kibabii. Ni mpole, ana heshima, hupiga simu kila Jumapili, na katika simu hizo hajawahi kuniambia jambo lolote lenye uzito. Vipi masomo? Mazuri. Vipi afya? Nzuri, Mama. Mimi niliita hiyo amani.

Mwaka huu akina mama wa kanisa la Misikhu, kanisa alilosali Kukhu, wakaniomba niende kuwafundisha jinsi familia inavyoweza kusoma Biblia kwa kuandika. Somo lao la mwezi huo lilikuwa maombi ya Hana. Nilijua binti yangu aliwahi kuandika juu ya Hana. Nikalishusha daftari, nikatafuta ukurasa wenye jina hilo juu, nikatia kipande cha karatasi, nikalifunga. Sikusoma. Kwa nini nisome? Nilikuwa na uhakika na kazi ya mtoto wangu. Nikampigia na kumwambia aje, maana kutoka Kibabii si mbali, aone kazi yake ikiwasaidia watu. Akasema atakuja.

Nilifundisha vizuri. Hata nikiwa na aibu siwezi kukataa hilo. Nilieleza habari ya madaftari, nikasema ni mahali pa kusema kweli, nao wakaitikia amina. Kisha nikafungua kwenye kile kipande cha karatasi, nikasoma kwa sauti yangu ya darasani.

"Hana alilia bila sauti na kuhani akafikiri amelewa. Mimi pia nalia bila sauti."

Macho ya mwalimu husoma haraka kuliko mdomo, na yangu yalikuwa yameshafika chini ya ukurasa. Nayaweka hapa maneno yote, jinsi alivyoyaandika mtoto wa miaka kumi na miwili:

Mimi pia nalia bila sauti, huko kwa choo, ndio Mama asiniulize. Ile Alhamisi Kukhu aliniita nimletee maji. Nikamwambia ngoja nimalize daftari, kesho ni Ijumaa. Nilipomaliza nikapeleka nikamkuta amelala. Nikaacha kikombe kwa stuli. Asubuhi hakuamka. Naomba Mungu amwambie Kukhu sikukataa. Nilisema tu ngoja.

Nikageuza karatasi. Upande wa pili, kwa wino mwekundu, kwa ile hati yangu nzuri ya ubaoni, palikuwa pameandikwa: Hatukuulizwa habari zako. Taja mafunzo matatu. 4/10.

Ningependa kusema kwamba siku ile ya kusahihisha sikuisoma kazi yake, kwamba niliona tu hakuna moja, mbili, tatu nikapita. Ningeweza kujificha hapo. Lakini nilirudi upande wa kwanza wa karatasi, nikaona kwamba kando ya maneno "Asubuhi hakuamka" nilikuwa nimeweka tiki. Tiki nyekundu, ndogo, safi. Sentensi ilikuwa sahihi.

"Endelea, mwarimu," akasema mama mmoja mzee wa benchi la mbele, aliyekuwa rafiki wa Kukhu tangu ujana wao. "Huyo mtoto anaongea ukweri. Si uendelee."

Nikasema, "Hapa wino umefutika."

"Pore," akasema yule mzee. "Wino wa siku hizi ni maji tu."

Wengine wakatikisa vichwa kwa huruma. Nami, badala ya kufa, nikainua uso na kutaja mafunzo matatu tunayoyapata kwa Hana. Yalinitoka yenyewe. Wakayaandika yote. Nilipotazama nyuma, binti yangu alikuwa ametazama mikono yake.

Baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwa shemeji, kwenye boma lile lile alilozikwa Kukhu. Watu walikunywa chai, wakanisifu, wakaondoka. Binti yangu alikusanya vikombe, akavipeleka nje kuviosha, nami nikamfuata na kitambaa cha kufutia. Yeye aliosha, mimi nikafuta.

"Wino haukufutika, Mama," akasema.

"Najua."

"Hatukuulizwa habari zako. Taja mafunzo matatu. Nne kwa kumi." Hakuwa na hasira. Aliyataja jinsi mtu anavyotaja namba yake ya simu.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kujitetea. Nikasema siku ile nilikuwa na insha za darasa zima, nikasema tulikuwa tumetoka matangani, nikasema yeye pia angeweza kuniambia kwa mdomo. Nilijisikia nikisema hilo la mwisho. Lilinichoma nikiwa bado nalisema, maana aliniambia. Aliniambia kwa kalamu, kwenye daftari nililompa mimi, pale pale nilipomwambia aseme. Kuhani alimkosea Hana, lakini alipoelezwa alisikia saa ile ile, akambariki. Mimi nilielezwa nikatoa maksi.

Nikachukua kikombe kingine nikifute. Ndipo nikakumbuka kile cha Kukhu. Si kwamba nilikuwa nimekisahau, ila sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayehitaji habari zake.

"Kukhu aliyakunywa yale maji," nikasema.

Mikono yake ikasimama ndani ya beseni.

Nikamweleza. Jioni ile ya Alhamisi, wasichana wakiwa mezani wanakula, niliingia chumbani kufunga dirisha. Kukhu alikuwa ameamka, ameketi kitandani, kikombe chake mikononi. Alikuwa amekunywa mpaka mwisho. Alinipa kile kikombe kitupu, akanionyesha kwa kidevu upande wa mezani walikokuwa watoto. "Huyu msichana akisema ngoja, anakuja," akasema. "Usimgombeze." Kisha akajilaza, nami nikaenda kukiosha kikombe.

Binti yangu hakuinua uso. Povu lilikuwa likipasuka pasuka kwenye mikono yake.

"Yote?" akauliza.

"Yote. Halikubaki hata tone."

"Na ulikuwa unajua hivyo, ile siku unasahihisha."

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayehesabu kitu. Alikuwa na miaka kumi na miwili siku ile, sasa ana ishirini na moja. Nilitaka anipigie kelele. Ningejua la kufanya na kelele, kazi yangu yote ni kunyamazisha kelele. Akasuuza kikombe cha mwisho, akanipa nikifute.

"Si ungeandika tu hapo chini, Mama," akasema. "Kulikuwa na nafasi."

Kisha akamwaga maji ya beseni kwenye migomba, akajifuta mikono kwa sketi yake, akaenda nyuma ya jikoni. Sikumfuata. Nilimwona amesimama kando ya kaburi kwa muda, mgongo wake kwangu, mabega yakitikisika, na safari hii sauti ilisikika mpaka jikoni. Mke wa shemeji akatoka mbio kuuliza kuna nini. Nikamwambia amwache alie. Jioni alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amenibebea mkoba, akaniaga kwa heshima ile ile ya siku zote, akarudi Kibabii.

Niliporudi Matisi niliteremsha katoni yote. Lilikuwemo daftari la mume wangu, Mungu ni mwema mara sita, na la binti mdogo. La nne ni langu. Lina jina kwenye jalada, na ndani hamna kitu. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ya watu wanaoandika kweli na mimi sikuandika hata mstari mmoja, na hakuna aliyeweza kuniuliza, kwa kuwa kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu.

Nikafungua la binti yangu, kwenye Hana, nikageuza karatasi. Alisema kweli. Chini ya maksi zangu kulikuwa na mistari tisa mitupu. Nikatafuta biro ya buluu, nikakaa mezani, nikaandika kwamba Kukhu aliamka, kwamba alikunywa maji yote, kwamba alisema msichana huyu akisema ngoja, anakuja.

Ilichukua mistari miwili.