Tochi Mbili Kwenye Chukudu

Nilifunga tochi mbili kwenye usukani wa chukudu yetu, ule ubao wa magurudumu mawili tunaoshushia maharagwe, ili kaka yangu akiniona kwenye ukungu adhani mimi ni kamyo, yaani lori. Upumbavu wenyewe ndio huo. Nimeusema mapema usije ukanisumbua.

Kaka yangu ana pikipiki. Mama anamwita "mutoto wangu wa pikipiki", utadhani mimi ni wa jirani. Jaketi lake analifua mama. Shati langu la shule nafua mwenyewe. Jioni akitoka mjini Sake anapewa kiti na bugali wa moto, kisha somo linaanza:

"Mama, taa moja, ile njo pikipiki. Taa mbili, njo kamyo. Zikikaribiana, kamyo iko mbali bado. Zikiachana, utoke mu njia."

Mama anasikiliza kama yuko kanisani. Mimi nikimweleza habari za mwanga tulizosoma darasani, ananituma maji.

Jumamosi moja kaka alienda kumchukua mama sokoni Sake. Nilijua watarudi jua likizama, wakati ukungu unashuka mlimani na barabara yote inageuka maziwa. Nilitaka kitu kimoja tu: mama, akiwa amekaa nyuma, amwone bingwa wa taa akikimbilia pembeni kwa kuogopa ubao.

Nikateremka mlima juu ya chukudu, kisigino kwenye kipande cha tairi ambacho ndicho breki. Taa ya kaka ikatokea kule chini. Haikwenda pembeni. Ilikuja polepole, ikikwepa madimbwi, ikaingia upande wangu. Sasa, usukani wa chukudu ni mfupi, na tochi zangu zilikaa karibu karibu kama macho ya mbuzi. Nikasikia sauti yake kabla sijamwona:

"Usiogope Mama. Kamyo iko mbali, kule kwa kona."

Nilikuwa karibu kiasi cha kulisikia hilo.

Nikapiga kelele, nikajitupa majanini. Chukudu iliendelea bila mimi. Kaka alikata usukani, pikipiki ikalala mferejini, mama akakaa kwenye tope amekumbatia kapu lake.

Hakuna aliyevunjika. Kaka alitoka mferejini, akanijia:

"Weye, ulitaka kuua Mama?"

"Weye njo ulisema iko mbali."

"Nilisema kamyo!"

"Basi nionyeshe hiyo kamyo."

Mama hakucheka. Alimpangusa kaka tope usoni. Mimi, goti linatoka damu, nikangoja zamu yangu. Haikufika. Mama aliifuata chukudu ilipoangukia, tochi bado zinawaka, akazifungua. Akaitazama pikipiki, ambayo taa yake ya nyuma ilishakufa zamani. Kisha akanipa tochi zote mbili, akasema:

"Hii funga kwa nyuma ya pikipiki ya kaka yako. Ile ingine shika, utembee mbele yake mupaka nyumbani. Na usiende mbali, asikupoteze."