Makaburi Ishirini na Matatu Kwenye Njia ya Mkongo

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umelala bondeni chini ya kilima cha Kyambogo, na Helen Lanyero ameshalowa hadi magotini. Ncha moja ya tepu ya kupimia ameifunga kwenye kigingi chekundu. Ncha ya pili ameishika mkononi, anarudi kinyumenyume kuelekea chemchemi ambako wanawake wanne wamepanga foleni ya madumu.

"Mita kumi na mbili," anasema, akiinama kuandika. "Hii iko karibu sana. Wakichimba hapa, maji yenu itakuwa tope mwezi mzima."

Mwanamke mmoja anamuuliza kama yeye ni mtu wa serikali.

"Hapana, dada. Mimi ni mtu wa kutembea tu."

Kigingi hicho ni kimoja kati ya mamia yanayoonyesha njia ya mkongo wa simu na intaneti ya kasi, unaotoka mjini kwenda vijijini kwa fedha za umma. Kabla ya mtaro kuchimbwa, sheria inataka athari zake zipimwe. Lazima mtu apite njia yote kwa miguu, aandike kila kisima, kila mti mkubwa, kila shamba na kila nyumba itakayoguswa. Kampuni ya ushauri iliyopewa kazi hiyo humlipa Helen shilingi elfu sitini kwa siku ya kutembea. Siku asiyotembea hapati kitu.

Ana miaka hamsini na moja. Anaishi katika kota za polisi Naguru, hapa Kampala, na mumewe, Sajenti Odyek, ambaye anakaribia kustaafu. Alifika hapo akiwa bibi harusi kutoka kaskazini, hajui Kiganda wala Kiswahili. Kiganda kilimshinda. Kiswahili alikiokota kwenye mabomba ya maji ya kota, kwa wake wa askari wengine, na mpaka leo anakisema hivyo hivyo kama alivyokiokota.

Kwa miaka mingi alifua na kupiga pasi sare za watu. Miaka tisa iliyopita kampuni ilitafuta mtu anayejua Kiacholi na Kilango, lugha za kwao kaskazini, asiyeogopa kutembea kilomita kumi na tano juani. "Mimi nilisema, hiyo kazi ni ya miguu, na miguu niko nayo," anakumbuka.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Palwongo.

Ilikuwa Juni mwaka jana. Palwongo ni kijiji cha kaskazini, safari ya kutwa nzima kwa basi. Kina shule moja, kituo kimoja cha afya na soko la Jumatano. Wakati wa vita kilikuwa kambi ya waliohamishwa makwao, maelfu ya watu wakiishi kwenye vibanda vilivyogusana kuta. Ramani za mradi zilionyesha mkongo ukipita pembezoni mwa barabara kuu, ndani ya hifadhi ya barabara. Ardhi hiyo ni ya serikali. Haina nyumba wala shamba. Watu wa ramani walipita mara moja, wakarudi Kampala na kuandika kwamba kipande hicho hakina tatizo.

Helen alibakiza siku mbili kumaliza. Siku hiyo alikuta mwanamke wa makamo akipalilia karanga ng'ambo ya barabara. Jina lake Lakica. Helen alimsalimu kwa Kiacholi, akamsomea maswali yake. Nyumba? Hakuna. Mazao? Hakuna. Miti ya matunda? Hakuna. Alipogeuka kuondoka, Lakica alimuuliza mtaro utakuwa na kina gani.

"Mita moja na nusu," Helen alijibu.

Lakica alilaza jembe chini. "Basi mtawafikia," alisema.

Alimvusha barabara, akaanza kumwonyesha. Hapakuwa na msalaba wala jiwe, nyasi tu, na vibonde vifupi vifupi ambavyo mgeni angedhani ni vya mvua. Wakati wa kambi, Lakica alieleza, askari hawakuruhusu mtu kuvuka barabara. Ndani ya kambi hapakuwa na nafasi hata ya kupikia. Surua ilipoingia, watoto walizikwa mahali pa mwisho ambapo mtu angeweza kufika bila kupigwa risasi, yaani ukingoni mwa barabara. Walikuwa ishirini na watatu. Lakica aliwataja majina kumi na saba. Sita hakuwajua, kwa kuwa mama zao walikuwa wametoka vijiji vingine, na baadhi ya mama hao nao walikufa baadaye. Wawili kati ya wale kumi na saba walikuwa wake.

"Kwa nini hukusema watu wa ramani walipokuja?" Helen alimuuliza.

"Waliniuliza habari za miembe," Lakica alijibu. "Nikawajibu habari za miembe."

Helen alikaa chini palepale. Kuna jambo ambalo hakumwambia Lakica siku ile, wala hakumwambia bosi wake. Alikuwa na mdogo wake wa kike, Ayot, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka tisa katika kambi nyingine, mbali na Palwongo. Helen alikuwa Naguru, amejifungua mtoto wa kwanza, na njia zilikuwa zimefungwa. Habari ilimfikia baada ya wiki tatu, imeletwa na askari aliyehamishwa. Aliyeleta habari hakujua mtoto amezikwa wapi, na hadi leo hakuna anayejua.

"Nilijua nikisema, watasema mama huyu analia ya kwake," anasema. "Kwa hiyo nilinyamaza. Niliandika tu ile kitu niliona."

Fomu yake ilikuwa na nafasi ya nyumba, mazao, miti, maji na wanyama. Makaburi hayakuwa na mstari. Aliandika pembeni, kwa herufi ndogo, kisha akampigia simu bosi wake.

Cleopas Ondiek ni Mkenya, mtaalamu wa mazingira, ana zaidi ya miaka kumi akifanya kazi Kampala. Hakuna anayemsema kwa ubaya. Lakini siku ile maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mwaka wa fedha ulikuwa unakwisha tarehe thelathini. Ripoti isipopelekwa imekamilika, fedha za kipande kile zingerudi hazina, na hakuna aliyejua zingetoka tena lini.

"Mama Helen," alimwambia, "andika hakuna pingamizi. Hilo la makaburi nitaliweka kwenye barua nyingine, mkandarasi atakuwa mwangalifu."

"Afande Ondiek," alijibu Helen, ambaye kwake kila bosi ni afande, "mwenye kuchimba anachimba na mashine. Mashine haina macho."

"Na kituo cha afya je? Na shule? Watu wanasubiri, mama."

"Najua wanasubiri. Lakini mimi siweki sahihi kwamba hapa hapana watu. Watu iko. Iko chini."

Simu ilikatika, na Helen haelewi hadi leo kama ni mtandao au ni hasira. Alijua kibarua chake kiko hatarini. Odyek alipoelezwa, alimwambia arudi nyumbani, watakula mboga za majani kama watu wengine. Helen hakurudi. Alingoja.

Siku ya tatu Ondiek alifika mwenyewe, akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alimwomba Lakica amwonyeshe. Helen alijiandaa kumtafsiria, lakini Lakica alipoinama na kusema "lyel", Ondiek aliinua mkono kumzuia. Yeye ni Mjaluo. Kwao kaburi huitwa "liel". Alitembea nyuma ya mwanamke yule kutoka kibonde hadi kibonde, na walipofika cha mwisho akaomba kalamu.

Sahihi ya kwanza chini ya maelezo ya Helen ilikuwa ya Ondiek. Ripoti ilipelekwa ikitaka njia ihamishwe upande wa pili wa barabara, jambo lililohitaji vipimo vipya. Tarehe thelathini ilipita. Fedha za kipande cha Palwongo zilirudi hazina.

Kijiji hakikumshukuru Helen. Sokoni Jumatano iliyofuata mwanamume mmoja alimfokea mbele za watu: "Umewapendelea wafu ukawaacha walio hai!" Mwalimu mkuu, aliyekuwa ameahidiwa kompyuta kumi, hakumwitikia salamu. Helen alipanda basi la Kampala akiwa amefunika uso kwa kitenge.

Mtu mmoja tu alimsindikiza, muuguzi wa kituo cha afya aitwaye Babra. Huyo ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kukasirika. Ili apate mtandao wa kuita gari la wagonjwa, Babra hupanda kilima kilicho nyuma ya shule. Helen aliliandika hilo kwenye fomu yake, akamwachia namba ya simu na kumwambia: likitokea tatizo la mawasiliano, nijulishe niweke kwenye kumbukumbu.

Oktoba simu ililia. Helen alikuwa Naguru, anaanika nguo.

"Sikupigii kukulaumu," Babra alisema. "Ulisema nikujulishe."

Mama mmoja wa miaka ishirini na sita alikuwa amejifungua salama asubuhi ile, kisha damu ikakataa kusimama. Babra alimwachia msaidizi, akakimbilia kilimani. Mtandao ulimkwepa karibu dakika arobaini. Gari lilipofika, mama alikuwa ameshakata roho. Mtoto alipona.

Helen aliacha nguo kwenye beseni. Aliishika simu sikioni muda mrefu baada ya Babra kukata.

Je, mkongo ungekuwa umefika kufikia Oktoba? Ondiek anasema pengine hapana. Miradi huchelewa kwa sababu mia. Odyek anamwambia mkewe vivyo hivyo. Helen huwasikiliza wote wawili.

"Wananiambia pengine. Pengine ni neno ya mtu ambaye hakuandika kitu," anasema, akitazama viganja vyake. "Mimi niliandika. Ningeandika tena vilevile. Lakini huyo mama siwezi kumtoa ndani ya hesabu yangu."

Alikwenda mazishini kwa nauli yake. Hakujua atapokelewaje, akasimama nje ya uzio pamoja na waliochelewa. Lakica alimwona, akasogea kwenye mkeka, akapigapiga nafasi aliyoiacha. Walikaa pamoja hadi jioni. Mume wa marehemu, kijana mrefu aliyembeba mwanawe mwenyewe bila kumpa mtu, alimpa Helen mkono.

Mwaka huu wa fedha mgao wa Palwongo umerudishwa. Njia mpya inapita ng'ambo, pembezoni mwa mashamba, na wenye mazao, Lakica akiwa mmoja wao, wamekubali fidia. Vibonde ishirini na vitatu vimezungushiwa mawe na familia zenyewe. Uchimbaji unatarajiwa kuanza ulezi ukishavunwa.

Fomu nayo imebadilika. Ondiek ameongeza swali ambalo sasa Helen huliuliza kila anakokwenda: je, kuna mtu aliyezikwa hapa, hata kama hakuna alama? Mara nyingi watu hucheka na kusema hapana. Mara chache hunyamaza, naye hukunja ukurasa, akakaa chini kuwasikiliza.

Odyek anastaafu Desemba, na kota itabidi wairudishe. Wana kiwanja kidogo kaskazini, bado hakijajengwa. Helen anapanga kutembea njia mbili zaidi, anunue mabati, kisha apumzishe miguu. Ila ameomba jambo moja kabla ya hapo: siku mashine itakapoingia Palwongo, awepo, asimame ukingoni mwa mtaro kuanzia mita ya kwanza hadi ya mwisho. Ondiek amekubali.

Na waya ukishawashwa?

Helen anajibu: "Nimemwambia Babra asinitumie picha ya watu wakubwa wanakata utepe. Anipigie simu kutoka ndani ya wodi, amekaa kwenye kiti. Aniambie tu leo nani amezaliwa, na mama yake anaendeleaje."